Mama Pazia na Chumba cha Mita Sita

Watu wengine wakiingia nyumbani kwa mtu husalimu kwanza. Mama Pazia hutazama dirisha kwanza, ndipo asalimu. Wifi yake hajamsamehe mpaka leo kwa siku ile waliyokwenda pamoja kumjulia hali mgonjwa, naye Mama Pazia akasimama mlangoni na kusema, "Mita moja na nusu kwa moja na ishirini, poleni sana, anaendeleaje?" Mgonjwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa maelezo ya Mama Pazia mwenyewe, kicheko kile ndicho kilichomponya, si vidonge.

Jina hilo hakumbuki nani alimpa. Ameshona mapazia ya nusu ya mji kwa miaka kumi na sita, na ukimwuliza habari za mtaa wowote hakutajii wakazi wake, anakutajia vitambaa. Pale pana kijani cha majani chenye upindo wa mara mbili. Pale jirani pana maua makubwa, aliwakataza wasinunue, wakanunua, shauri yao. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi na wa kucheka, na futikamba yake ya kupimia huning'inia shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Aliwahi kwenda nayo harusini. Alipoambiwa aivue alisema bila hiyo angejiona yuko uchi.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha, nacho ni mahali pa kukatia. Pazia si shati. Kitambaa cha mita tatu huwezi kukikata mapajani. Yeye na mume wake na binti zao wawili walipanga vyumba viwili, na meza ilikuwa moja tu, ya kulia chakula na ya madaftari ya shule. Basi Mama Pazia alikatia sakafuni, amepiga magoti, kitambaa kimetandazwa kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza kuruka. Mume wake, dereva wa basi la shule, mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yanaweza kuhesabika, alikuwa akirudi kazini anavua viatu nje, anaruka hariri, anaruka pamba, anafika kwenye kiti chake na kushusha pumzi. Magoti ya Mama Pazia yalikuwa yameota sugu, na akiinuka ilimbidi ashike ukuta.

Kwa hiyo siku walipoona kwamba sasa wanaweza kununua nyumba yao, ndogo lakini yao, dereva aliulizia bomba la maji na mabinti waliulizia kama watakuwa na mlango wa kufunga. Mama Pazia aliomba kitu kimoja.

"Chumba kitakachoingia meza ya mita tatu," alisema. "Nisimame nikate kama binadamu. Mengine yote chagueni ninyi."

Ndipo lilipotokea tangazo. Liliandikwa na wakala mmoja wa nyumba aliyejulikana mjini kwa jina la Bwana Nafasi, kwa sababu hakuna nyumba iliyopita mikononi mwake ikakosa nafasi. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye miguu mifupi na viatu vilivyochongoka, na kalamu yake haikujua neno dogo. Jiko lenye bomba moja kwake lilikuwa "jiko la kisasa." Ua unaotazama ukuta wa ghala la saruji ulikuwa "bustani tulivu isiyo na macho ya majirani." Na katika tangazo hili, chini ya picha, aliandika hivi: "Chumba cha ziada cha mita sita, chenye dirisha la ukuta mzima, kinafaa kwa kazi yoyote."

Mama Pazia alisoma mstari huo mara nne. Akalikata tangazo kwa mkasi mzuri, kingo zikanyooka sawasawa, akalibana ukutani kwa pini nne juu ya cherehani. Siku tatu alishona akiwa anatazama juu, na kitambaa cha mteja mmoja kikapata mshono wa kwenda mrama.

Jumamosi wakaenda kuiona. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alikuwa amekwisha hamia kwa binti yake, akabakiza mapazia na maboksi ya vitabu. Bwana Nafasi alifungua milango kwa mbwembwe. Dereva alipiga ukuta kwa kiganja, akageuza bomba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha wakafika kwenye chumba cha ziada. Maboksi yalikuwa yamepangwa pande zote mbili hadi mabegani, na mbele yao, kutoka kona hadi kona, kutoka darini hadi sakafuni, lilining'inia pazia la rangi ya asali iliyokolea.

Mama Pazia alitoa sauti ambayo mume wake hakuwa ameisikia tangu walipopata mtoto wa kwanza.

"Hili langu!" alisema. "Baba watoto, hili pazia nimelishona mimi!"

Akaliendea mbio, akachuchumaa, akaushika upindo. Ulikuwa ule ule wake, mshono wa mkono uliojificha, ambao hakuna mtu mwingine mjini mwenye subira nao. Akapitisha vidole kwenye mikunjo, akahesabu, akaisifu, akajisifu. Akamwita mume wake aje aone jinsi rangi ilivyodumu. Akamweleza Bwana Nafasi habari za kitambaa kile tangu kilipokuwa jora dukani. Mteja alikuja mwenyewe na vipimo kwenye karatasi, alisema, na akaenda kulitundika mwenyewe, ndiyo maana nyumba hii hakuwahi kuingia. Dakika ishirini zilikwisha hivyo. Bwana Nafasi aliitikia kila neno, meno yote nje.

Jumatatu walilipa arubuni, na mkataba ukapangwa kusainiwa Ijumaa.

Jumanne jioni, wakati mabinti wanaosha vyombo, Mama Pazia alitaka kujua pazia lile alilishona mwaka gani, ili apate kuringa vizuri zaidi. Akashusha daftari zake za vipimo, ambazo hazitupi hata moja, akafunua moja baada ya nyingine. Alipoupata ukurasa alianza kuusoma kwa sauti.

"Mwalimu. Rangi ya asali. Ukuta mita nne na ishirini." Akasimama. Akasoma tena kimoyomoyo. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: "Dirisha mita moja na robo tu. Pazia lifunike ukuta wote ili dirisha lionekane kubwa."

Alikaa kimya mpaka dereva akageuka kumtazama, maana ukimya ndani ya nyumba ile ulikuwa kazi ya dereva.

"Sikulifungua," alisema Mama Pazia. "Mimi. Nimesimama mbele ya pazia dakika ishirini, na sikulifungua."

Ujanja ule ulikuwa wake. Kila mteja mwenye dirisha dogo alimwambia maneno yale yale: usiliache pazia liishie kwenye dirisha, livushe hadi kona, chumba kitapumua. Na jicho lake, lile linaloweza kulipima dirisha la mtu kutoka ng'ambo ya barabara, siku hiyo halikupima kitu kwa sababu lilikuwa limelewa sifa. Mita sita za tangazo zilikuwa zimepungua mita moja na themanini, na dirisha la ukuta mzima lilikuwa dirisha la kawaida lenye nguo kubwa.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Bwana Nafasi, amelikunja tangazo ndani ya daftari. Kijana alimpokea kwa kiti na tabasamu, akasikiliza, kisha akakunja mikono.

"Mama yangu, vipimo vya tangazo ni makadirio tu," alisema. "Tena nyumba umeiona kwa macho yako mawili. Hukukaa mle dakika ishirini?"

"Nilikaa."

"Nani alikuzuia kulifungua pazia?"

Mama Pazia alilikunja tangazo, akalirudisha ndani ya daftari.

"Basi Ijumaa tunasaini," alisema Bwana Nafasi kwa upole. "Ukiacha, arubuni hairudi. Ndiyo utaratibu wetu."

Alitoka amechomwa na aibu usoni. Lililomuuma zaidi ni kwamba kijana yule alikuwa amesema kweli, walau nusu. Njia nzima alijiuliza kama anyamaze tu, anunue, aendelee kupiga magoti ndani ya nyumba yake mwenyewe badala ya nyumba ya kupanga. Akienda kulalamika, mji mzima utajua kwamba Mama Pazia alishindwa na pazia. Alimweleza mume wake haya yote alipomkuta kituoni anafagia basi lake, akayamwaga bila kupumua, na mwisho akasema, "Watu watanicheka."

Dereva aliegemea ufagio akafikiri.

"Watacheka," alisema. "Halafu?"

Mama Pazia alimtazama. Kisha akaanza kucheka yeye, polepole, halafu kwa nguvu, mpaka ikabidi akae kwenye ngazi ya basi. Kweli, halafu nini? Yeye mwenyewe angekisikia kisa hiki cha mtu mwingine angekisimulia mwezi mzima. Akajifuta machozi, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kutetea wanunuzi.

Afisa wa pale alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, na sura yake haikuonyesha kama anafurahi au amekasirika. Alilisoma tangazo. Akausoma ukurasa wa daftari. Alipofika kwenye maneno "ili dirisha lionekane kubwa" midomo yake ilicheza kidogo.

"Hili ulishona wewe?"

"Mimi mwenyewe, afisa. Nimejiroga kwa mikono yangu."

"Na hizi mita sita uliandika wewe?"

"Hapana! Hizo ni za kijana."

"Basi tusichanganye mambo, dada yangu," alisema afisa. "Kushona pazia pana si kosa. Kosa ni kuandika mita ambazo hazipo na kumfanya mtu alipie. Mtu akiuza nyumba kwa vipimo vilivyoandikwa, vipimo vile anawajibika navyo, hata kama umeingia humo mara kumi. Kama si kweli, una haki ya kujitoa na kurudishiwa arubuni yako yote. Au ukitaka kubaki, bei izungumzwe upya kwa ukubwa wa kweli. Na hakuna wa kukuharakisha kusaini kabla hujapima. Kupima ni haki yako."

"Hata Ijumaa ikifika?"

"Ijumaa zipo nyingi." Akarekebisha miwani. "Lakini daftari la miaka saba halinitoshi. Nataka kuuona ukuta."

Alhamisi wote walikutana ndani ya kile chumba. Afisa alikuja na faili. Bwana Nafasi alikuja na uso mkavu. Mwalimu mstaafu, mwenye nyumba, alikuja na funguo zake, mwanamke mrefu aliyenyooka kama rula, na alipomwona Mama Pazia alimkumbatia.

"Mshonaji wangu! Unajua pazia hili limenipa raha kiasi gani? Kila Jumapili nilikuwa nakaa hapa na chai yangu, najiona niko kwenye jumba."

"Ndilo hilo lililotuleta, mwalimu," alisema Mama Pazia.

Bwana Nafasi aliona upenyo akauingia. "Afisa, sikiliza mwenyewe! Pazia la kuficha udogo wa dirisha limeshonwa na huyu mama, likaagizwa na huyu mwalimu. Mimi nimehusikaje?"

"Mimi niliagiza nijidanganye mwenyewe," alisema mwalimu. "Nilijidanganya vizuri sana, sijamlalamikia mtu. Wewe kijana nilikupa funguo, sikukupa vipimo. Mita sita umezitoa wapi?"

"Nilipima."

"Kwa kifaa gani?" aliuliza afisa.

Kijana aliangalia viatu vyake. "Kwa hatua."

"Tuonyeshe."

Maboksi yakasogezwa. Bwana Nafasi akasimama ukutani, akanyoosha koti, akaanza kutembea kwa heshima zote. Moja. Mbili. Miguu yake mifupi iliweka hatua nadhifu, za mtu asiyependa kuchafua viatu. Tano. Sita. Pua yake ikagusa ukuta wa pili.

"Sita," alisema, kama aliyeshinda.

Mama Pazia alivua futikamba shingoni, akampa dereva ncha moja, wakaivuta. Afisa akainama kusoma.

"Mita nne na ishirini," alisema.

Mwalimu aliachia kicheko cha darasani, kile ambacho wanafunzi huwa hawaamini kwamba mwalimu anacho, na dereva akafuata, na afisa akavua miwani kuifuta bila sababu. Hata Bwana Nafasi, baada ya kupigana na uso wake, alishindwa.

"Mimi siku zote nimejua hatua ni mita," alisema, na ilionekana wazi kwamba hasemi uongo. "Nyumba zote nimepima hivyo. Zote!"

"Basi wiki ijayo una kazi," alisema afisa. "Matangazo yako yote nitayataka yamepimwa upya, na futikamba si bei ghali. Sasa dada, uamuzi ni wako. Unajitoa au unabaki?"

Wote wakamtazama Mama Pazia. Alikwenda kwenye pazia lake la rangi ya asali, akalishika kwa mikono miwili, akalifungua kutoka kona hadi katikati, kisha upande wa pili. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe, na katikati ya ukuta dirisha la mita moja na robo. Jua la asubuhi lilipita hapo likaanguka sakafuni.

Akatoa chaki mfukoni. Akapiga magoti, akachora sakafuni mstari wa mita tatu, kisha mwingine wa mita moja na nusu, akaunganisha pembe zote nne. Akainuka, akashika ukuta kama kawaida yake. Akaanza kuizunguka ile meza ya chaki. Upande huu alipita bila kujibana. Kichwani palibaki sentimita sitini, na mwishoni sitini nyingine. Upande wa dirishani alinyoosha mkono na mkasi wa hewani, akakata kitambaa cha hewani, kiwiko chake hakikugusa kitu.

Alizunguka mara ya pili kwa kuhakikisha, na mara ya tatu kwa raha tu.

"Kijana," alisema mwishowe. "Mimi nilitaka chumba cha kuingia meza ya mita tatu. Basi. Ungeandika mita nne na ishirini na dirisha moja linalopata jua, ningekuja siku ileile, nisingetaka hata chai. Uongo wako ulikuwa wa nini?"

Inawezekana lilikuwa swali la kwanza maishani mwa Bwana Nafasi lililohitaji jibu fupi.

"Nilidhani nne ni kidogo," alisema.

"Kwa nani?"

Hakujua. Akatoa kalamu yake, na pale pale, juu ya boksi la vitabu, akaandika karatasi mpya ya maelezo ya nyumba, kila chumba kwa mita zake, Mama Pazia akivuta futikamba na mwalimu akisahihisha mwandiko. Jiko likawa jiko lenye bomba moja. Bustani tulivu ikawa ua unaotazama ghala. Bei ikazungumzwa upya mbele ya afisa, ikashuka kwa haki, na mwalimu akaridhia bila kinyongo, akisema hakujenga mita sita kwa hiyo hawezi kuziuza. Karatasi hiyo ikaambatishwa kwenye mkataba. Walisaini Ijumaa ya pili yake, si ile ya kwanza, kwa kuwa Mama Pazia alitaka kurudi kupima mara moja zaidi, na safari hii aliharakishwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Kisa kilienea mjini kabla hawajamaliza kuhama. Watu walicheka, tena walicheka sana. Sokoni walimwuliza kama siku hizi anafungua mapazia. Alijibu kwamba anafungua mpaka ya wateja, na kabla hawajamaliza kucheka alikuwa amekwisha pata oda mbili.

Meza ililetwa na seremala siku ya Jumamosi, ikaingia kwa kuinamishwa. Mama Pazia aliwafukuza wote nje ya chumba. Alitandaza juu yake kitambaa cha buluu cha mteja, mita tatu zote, hakuna kilichokunjwa, hakuna kilichoning'inia, hakuna mtu wa kuruka. Akachora. Akaingiza mkasi na kuuacha uende. Ulikwenda kutoka mwanzo hadi mwisho kwa pumzi moja, na machozi yakamtoka akiwa anatabasamu, akayaacha yatoke.

Mume wake alikuja mlangoni kumwambia chakula kiko tayari. Alisimama akimtazama mke wake amesimama wima penye mwanga, mabega yamefunguka, mkasi mkononi. Miaka kumi na sita alikuwa amezoea kumwona kazini kwa juu, kisogo na mgongo.

"Kumbe wewe mrefu hivi," alisema dereva.

"Nilikuwa hivihivi uliponioa," alisema Mama Pazia, akageuza kitambaa akaanza upande wa pili.